ANWANI MPYA ZA INTANETI KATIKA MITANDAO YA SIMU: SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Kwa miaka mingi barua nchini Tanzania haikupelekwa nyumbani kwa mtu, bali katika sanduku la posta. Mkazi wa Mwanga, mjini Kigoma, asiyekuwa na sanduku lake aliazima la shule au la ofisi, na karani akazigawa barua kwa kusoma majina yaliyo juu ya bahasha. Utaratibu huo uliwafaa wengi, lakini aliyeitazama S.L.P. peke yake hakuweza kujua barua ni ya nani. Hali iyo hiyo imo leo katika simu za mkononi.

1. Uhaba wa anwani

Kila chombo kinachowasiliana kwa intaneti huhitaji anwani ya tarakimu. Anwani za toleo la 4 (IPv4), zilizowekwa mwaka 1981, zina biti 32, yaani jumla yake ni 4,294,967,296 tu. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya watu walioko duniani. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa kanda tano za dunia. Afrika huhudumiwa na AFRINIC, yenye makao yake nchini Morisi. Mwaka 2017 chombo hicho kilianza kugawa anwani kwa kibaba, na tangu Januari 2020 kikaweka kikomo cha anwani 1,024 kwa ombi moja.

Toleo la 6 (IPv6), lililotangazwa Desemba 1998, lina biti 128. Jumla ya anwani zake ni takriban 340 ikifuatwa na sufuri 36.

2. Kazi ya kiini cha mtandao

Mkazi wa Mwanga anapowasha intaneti, ishara hufika mnarani, kisha hupelekwa katika mitambo mikuu ya kampuni, ambayo ndiyo kiini cha mtandao. Si mnara unaotoa anwani, bali lango lililomo katika kiini hicho. Kwa kuwa anwani za umma ni haba, lango huipa simu anwani ya ndani, na mtambo mwingine huwaunganisha wateja wengi chini ya anwani moja ya umma. Mtambo huo huwatofautisha kwa namba za milango, ambazo ni 65,536 kwa kila anwani. Mtambo huo ndiye karani, na anwani ya umma ndiyo S.L.P. Anwani inayoanza kwa 10, au kwa 100.64 hadi 100.127, ni ya ndani.

3. Madhara yake

(a) Tovuti ikifunga anwani kwa sababu mtu mmoja amekosea nywila mara nyingi, jirani zake wasio na kosa nao hufungiwa.

(b) Katika upelelezi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, anwani peke yake haimtambulishi mtu. Pasipo namba ya mlango na saa kamili, asiye na hatia anaweza kushukiwa.

(c) Kipima kina cha maji kikiwekwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwa laini ya simu, ofisi haiwezi kukiita moja kwa moja. Ni lazima kianze chenyewe kupeleka taarifa.

4. Njia ya kuhama

Matoleo haya mawili hayaelewani moja kwa moja. Kwa hiyo kampuni huyaendesha yote pamoja, au huipa simu toleo la 6 peke yake na kuweka mkalimani kwa ajili ya tovuti za zamani. Nchini India, Reliance Jio ilianza huduma Septemba 2016 ikitumia toleo la 6. Nchini Marekani, T-Mobile ilitangulia katika njia ya mkalimani, na tangu Juni 2016 Apple hudai kila programu ya simu zake iweze kufanya kazi penye toleo la 6 pekee.

Hata hivyo, ieleweke kuwa toleo la 6 si kinga dhidi ya wahalifu. Chombo chenye anwani yake huhitaji ulinzi wake pia.

5. Yanayopasa kuzingatiwa

Watumishi wanaonunua ruta, seva na mitambo ya ofisi wanashauriwa kudai katika zabuni kwamba vifaa vikubali matoleo yote mawili, kwani kifaa kisichokubali huwa hasara kabla ya kuchakaa. Tovuti za umma nazo ziwe na anwani za aina zote mbili, zisimfungie mtu kwa kutazama anwani peke yake, na kumbukumbu zake zitunze saa na namba ya mlango.

Kwa upande wa wananchi, mabadiliko haya hufanyika ndani ya mitambo ya kampuni. Namba ya simu haibadiliki, wala laini haihitaji kusajiliwa upya kwa sababu hiyo. Yeyote atakayepiga simu akidai fedha au namba ya siri ili “kumbadilishia mteja anwani” ni tapeli. Asipewe chochote, na taarifa ifikishwe polisi mara moja.