Hadubini: Viungo Vyake na Kazi Yake

Jicho la mtu ni chombo cha ajabu, walakini lina mpaka wake. Kitu kikiwa kidogo kupita sehemu ya kumi ya milimita, jicho peke yake halikitambui. Sasa fikirini chembe nyekundu ya damu: upana wake ni sehemu 7 au 8 tu za elfu ya milimita. Tukizipanga chembe hizo safu moja, zapata 130 hivi katika milimita moja. Na kijidudu cha malaria ni kidogo zaidi, maana hukaa ndani ya chembe hiyo.

Zamani watu wengi walidhani ya kuwa homa hii yatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Hata jina lenyewe, malaria, kwa Kiitalia maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1880 mganga wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa Algeria, alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini akakiona kijidudu chenyewe. Basi yafaa tujifunze chombo hiki kimefanywaje, na kwa nini chaweza kuonyesha yaliyofichika.

1. Mwili wa hadubini. Chini pana kitako kizito, ili chombo kisitikisike. Juu yake wasimama mkono. Chombo kikichukuliwa, mkono mmoja hushika hapo na mwingine hukitegemeza kitako. Mbele ya mkono pana jukwaa lenye tundu katikati. Hapo huwekwa kipande chembamba cha kioo chenye damu, au makohozi, au kitu kingine cha kutazamwa, nacho hushikwa na vibano.

2. Njia ya mwanga. Chini ya jukwaa pana kioo cha kurudisha mwanga wa mchana, au taa ya umeme. Mwanga hupita katika kondensa, yaani lenzi zinazoukusanya na kuuelekeza juu ya kitu. Hapo pana kiwambo chenye tundu liwezalo kupanuliwa na kupunguzwa. Kikifunguliwa mno, kitu kisicho na rangi chafifia katika mwanga mwingi. Kikifungwa mno, mistari midogo yapotea.

3. Lenzi mbili zisaidianazo. Lenzi iliyo karibu na kitu huitwa lenzi ya kitu, na ile iliyo karibu na jicho huitwa lenzi ya jicho. Ya kwanza hufanya sura kubwa ya kitu ndani ya bomba, tena sura hiyo imepinduliwa. Ya pili huichukua sura ile na kuikuza tena, kama kioo cha kukuzia maandishi. Kwa sababu hiyo, katika hadubini ya kawaida, ukisogeza kipande cha kioo kulia, waona kitu chaenda kushoto. Ukitaka kujua kitu kimekuzwa mara ngapi, zidisha nambari za lenzi mbili: lenzi ya jicho ya 10 na lenzi ya kitu ya 40 hukuza mara 400, ya 10 na ya 100, mara 1,000.

4. Skrubu mbili. Kubwa husogeza upesi, ndogo husogeza kidogo kidogo. Anza siku zote kwa lenzi ndogo. Lenzi kubwa ikikaribishwa, tazama kwa ubavuni, usitazame ndani. Maana lenzi ya 100 hufanya kazi mahali pasipofika hata robo ya milimita kutoka kwenye kitu. Mwenye haraka atavunja kioo na kukwaruza lenzi.

5. Kazi ya mafuta. Kasia likitiwa majini laonekana kama limevunjika, kwa kuwa mwanga hupinda utokapo majini kuingia hewani. Ndivyo ulivyo mwanga utokapo kwenye kioo: miali mingi ya pembeni hupinda na kupotea isiingie katika lenzi. Tone la mafuta maalumu, yapindayo mwanga karibu sawasawa na kioo, huifungulia miali hiyo njia. Mafuta hayo ni ya lenzi iliyoandikiwa mafuta tu, nayo yafutwe kazi ikiisha.

6. Mpaka wa hadubini. Je, tukiongeza lenzi kubwa zaidi na zaidi, tutaona kila kitu? Sivyo. Mwaka 1873 Ernst Abbe, Mjerumani, alionyesha ya kuwa mwanga wenyewe waweka mpaka: vitu viwili vikikaribiana kupita sehemu mbili hivi za elfu kumi ya milimita, huonekana kama kimoja. Ni kama barua ambayo wino wake umevuja: ukiisogeza karibu, doa lakua, lakini neno halisomeki. Ndiyo sababu virusi vingi havionekani kwa hadubini ya mwanga.

7. Mtazamaji. Chombo hakisemi neno. Asemaye ni mtu. Damu ya kupima malaria hupakwa kwenye kioo, ikatiwa rangi ya Giemsa, kusudi kijidudu kipambanuke. Walakini vijidudu vikiwa vichache, sehemu ya kwanza yaweza kuwa tupu, na ya kumi pia. Kwa hiyo mtazamaji hufundishwa kupita angalau sehemu 100 za damu nene kwa lenzi ya mafuta kabla hajasema, “Hapana.” Akichoka akaacha katikati, au lenzi yake ikiwa na ukungu wa mafuta ya jana, mgonjwa aweza kurudishwa nyumbani na malaria mwilini; na kama ni mtoto mdogo, siku moja au mbili zaweza kuwa nyingi mno. Siku hizi pako pia vipimo vya haraka visivyohitaji hadubini. Hata hivyo hadubini yaweza kuonyesha vijidudu ni vingi kadiri gani, na kama vyapungua mgonjwa akiisha kupewa dawa.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini kitu chaonekana kikienda kinyume cha mkono?
2. Lenzi ya jicho ya 10 na lenzi ya kitu ya 4 hukuza mara ngapi?
3. Mafuta yausaidiaje mwanga?
4. Kwa nini sehemu moja iliyo tupu haitoshi kusema kwamba mgonjwa hana malaria?