MAPATO NA MATUMIZI YA MWILI
Somo la afya kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Kila katibu anajua kwamba daftari la fedha lina pande mbili. Mapato yakizidi matumizi, akiba hukua; matumizi yakizidi mapato, akiba huliwa. Mwili wa binadamu nao una hesabu ya namna hiyo. Mapato yake ni chakula, matumizi yake ni kazi, na akiba yake kubwa ni mafuta yaliyohifadhiwa mwilini.

1. Mapato
Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kilokalori, ambazo watu wengi huziita kalori tu. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120.

2. Matumizi
Matumizi ya kwanza hayaonekani. Moyo, mapafu na ubongo hufanya kazi hata mtu akiwa amelala, na kwa mtu asiyefanya kazi nzito sehemu hiyo huchukua zaidi ya nusu ya nguvu za siku nzima. Kisha hufuata kazi za mikono na miguu. Mwenye kulima kwa jembe hutumia nguvu mara nne au zaidi ya zile za mtu aliyeketi.

3. Salio
Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Kwa hiyo mlo mmoja haumnenepeshi mtu, wala siku moja ya njaa haimkondeshi. Uzito hubadilika kwa ziada au upungufu unaorudiwa siku hata siku. Hata hivyo, mwili unapokonda hubana matumizi yake, na kwa sababu hiyo uzito haupungui kwa kiasi kile kile kila juma.

4. Msimu wa jembe
Hatari ya mkulima ni kwamba matumizi hupanda wakati mapato yanaposhuka, kwa kuwa palizi huja ghala likiwa karibu tupu. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi nchini Gambia, katika vijiji vya wakulima wa karanga na nafaka. Huko watu hupungua uzito wakati wa mvua, wakaurudisha baada ya mavuno, na watoto wanaozaliwa katika miezi ya njaa huwa wadogo zaidi.

Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 28 vya nchi hiyo. Wajawazito walipewa kila siku biskuti za karanga zenye kalori zipatazo 1,000. Watoto wao waliozaliwa msimu wa njaa walizidi wengine kwa wastani wa gramu 201, na vifo vya watoto katika juma la kwanza vilipungua.

Hivyo basi, mkulima anayeuza chakula chote wakati wa mavuno ameuza pia nguvu za palizi ijayo, na pengine uzito wa mtoto atakayezaliwa.

5. Aliyeacha jembe
Katibu, karani wa mizani na dereva wamo katika hatari iliyo kinyume. Kazi imepungua, bali sahani ni ile ile ya shambani. Unene wa kupita kiasi huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Yafaa kupunguza mafuta na sukari, na kutembea kwa miguu kila siku.

Maswali ya kujadiliwa
(a) Ni miezi ipi ambayo ghala hupungua huku kazi ikizidi?
(b) Kaya iweke magunia mangapi kabla ya kuuza?
(c) Mjamzito apunguziwe kazi zipi wakati wa palizi, na nani azifanye?