Tungepewa Maji Yasiyokwisha

Somo la kusoma nyumbani na kujadiliwa katika vikundi
Kusoma: Mwanzo 26:12–22



Wazee wetu walisema, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Maji yaliyosalia katika kifuu cha nazi hayamtoshi mtoto kunawa uso, lakini kwa chungu, yaani sisimizi, ni bahari isiyo na ng'ambo. Basi maji kuwa mengi au machache hutegemea ni nani anayeyatazama, na anataka kuyafanyia nini.

Somo letu la mwezi huu ni swali moja: kama tungepewa maji yasiyokwisha, tungeyafanyia nini? Hatukulichagua kwa mchezo. Halmashauri ya mtaa wetu inafikiria kuchimba kisima kirefu katika kiwanja cha kanisa. Baada ya ibada tumewasikia wengine wakisema kwamba kisima kikipatikana, habari ya maji itakuwa imekwisha: kamati ya nini tena, zamu za nini, mchango wa nini? Maneno hayo ni ya furaha, nasi twashiriki furaha hiyo. Hata hivyo, yafaa tuyapime kabla mashine ya kuchimbia haijafika.

1. Majibu ya wanafunzi

Mwaka 1993 tulikuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu katika nchi hii kavu ya Dodoma. Tulikuwa tukiwasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi ya jirani. Siku moja darasa la sita walipewa swali hilo kuwa zoezi la insha, nasi tukasaidia kusahihisha.

Watoto waliandika mengi. Mmoja angelima mpunga kama watu wa Usangu. Mwingine angefuga ng'ombe mia mbili na asihame nao kamwe. Wengine walitaka bwawa la samaki, bustani ya michungwa, au kuoga mara tatu kwa siku. Msichana mmoja aliandika sentensi moja tu, kwamba yeye angelala mpaka kuche. Tulichukua kalamu nyekundu, tukamwandikia kwamba hakujibu swali.

Baadaye mwalimu wa darasa alitueleza. Msichana yule aliamka saa tisa usiku kila siku, akaenda na mama yake korongoni, wakakaa foleni kwenye shimo la mchangani wakisubiri maji yachuruzike, kata kwa kata, mpaka dumu lijae. Ndiyo sababu alichelewa shuleni. Nasi wiki iliyotangulia tulikuwa tumemwamuru mwanachuo wetu awasimamishe wachelewaji wote nje ya mlango kwa nusu saa, na yeye alikuwa mmoja wao. Hatukumwuliza neno.

Tunakiri kwamba tulikosa mara mbili: nje ya mlango na juu ya karatasi. Katika darasa lile, yeye ndiye aliyelijibu swali vizuri kuliko wote. Wenzake walisema wangefanya nini na maji. Yeye alisema maji yangemrudishia nini. Tuliweke jibu lake kando kidogo, tutalirudia.

2. Hesabu ya maji

Tufanye hesabu kama tulivyozoea ubaoni. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, zipatikane katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Nyumba ya watu sita yahitaji basi lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Dumu moja lililojaa lina uzito wa kilo 20. Kama kisima kiko kilomita mbili, kwenda na kurudi ni kilomita nne. Kuleta maji yote hayo kichwani ni mwendo wa kilomita 30 kila siku. Hakuna awezaye. Ndiyo maana nyumba nyingi za namna hiyo huletewa madumu mawili, na kila mtu hupata chini ya lita saba za kupikia, kunywa, kufulia na kuoga.

Sasa tuhesabu shamba. Mahindi yahitaji maji ya kina cha milimita 500 hivi, au zaidi, tangu kupanda mpaka kukomaa. Kwa eka moja hizo ni lita milioni mbili, yaani madumu laki moja. Maji hayo yangewatosha watu zaidi ya 200, kwa kipimo cha lita 25, mwaka mzima. Hapa twajifunza jambo kubwa: kiu ya binadamu ni ndogo, kiu ya shamba ndiyo kubwa. Kisima kinachotosha kijiji kizima kunywa hakitoshi hata mashamba ya nyumba chache. Wale watoto wa mpunga na wa ng'ombe, kama wangepewa kisima kimoja, wangekikausha mbele ya macho ya yule msichana.

Mtu atasema, "Lakini tumeambiwa hayakwishi!" Vema. Maji yasiyokwisha yako kweli duniani, nayo ni bahari. Hakuna atakayeimaliza kwa ndoo wala kwa pampu. Ila kila lita yake ina gramu 35 hivi za chumvi. Mitambo ya siku hizi hutumia uniti tatu hadi nne za umeme kuondoa chumvi katika lita elfu moja. Kisha Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuyapandisha maji hayo hayo mpaka hapa kwahitaji uniti tatu nyingine, kabla ya kuhesabu nguvu inayopotea katika pampu na mabomba. Maji hayakwishi, lakini umeme una bei, na bomba lina bei. Kikomo hakikuondoka, kilihama kutoka kwenye maji kwenda kwenye nguvu na fedha.

3. Maji mengi yana madai yake

Tuseme sasa kwamba hata umeme tumepewa bure. Je, tumemaliza? La hasha.

Kwanza, maji yanayoingia lazima yatoke. Maji yasiyo na mtaro hugeuka dimbwi, na dimbwi ni nyumba ya mbu. Yakisimama karibu na choo cha shimo huchukua uchafu na kuurudisha kisimani.

Pili, kuna chumvi. Hata maji tunayoyaita matamu yana chumvi kidogo ndani yake. Chukua maji ya kisima yenye nusu gramu tu kwa lita, uyamwagie eka yetu ya mahindi lita milioni mbili: umeleta shambani kilo elfu moja za chumvi kwa msimu mmoja. Mahindi hunywa maji, jua hukausha mengine, lakini chumvi haipandi hewani. Pasipo mvua ya kutosha au mtaro wa kuiosha, hubaki udongoni. Katika nchi ya kale ya mito ya Frati na Hidekeli, ambayo leo ni Iraki, mashamba mengi yaliyonyweshwa kwa mifereji yaliharibika kwa njia hiyo.

Tatu, maji ya huku yametoka kule. Mwaka 1960 Bahari ya Aral, huko Asia ya Kati, ilikuwa ya nne kwa ukubwa kati ya maziwa yote ya dunia. Wakuu wa Umoja wa Kisovieti waliigeuza mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, inyweshe mashamba ya pamba. Pamba ilipatikana kwa wingi. Lakini ziwa lilijivuta mwaka baada ya mwaka, mpaka mashua za wavuvi wa mji wa Moynaq zikabaki juu ya mchanga, na upepo ukapeperusha vumbi la chumvi mpaka mashambani. Waliokuwa wakifungua mifereji hawakuiona siku hiyo, kwa kuwa kila asubuhi mto ulikuwapo.

4. Ghala la chini ya ardhi

Turudi nyumbani. Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umenywa maji ya visima vya Makutupora, kaskazini ya mji. Huko kina cha maji ya ardhini kilipimwa na kuandikwa kwa miaka 55, na mwaka 2013 wataalamu walitangaza walichokiona katika kumbukumbu hizo. Mvua ya miaka ya kawaida huongeza maji kidogo sana chini ya ardhi, au haiongezi kabisa. Kinachojaza ghala lile ni misimu michache ya mvua kubwa mno. Ongezeko kubwa kuliko yote lilikuja na mvua ya El Nino ya mwaka 1997/98, ile ile tuliyoilaumu kwa kubomoa madaraja na nyumba.

Maana yake ni kwamba kisima kirefu si mto. Ni ghala linalojazwa mara moja katika miaka mingi, wala hatujui mwaka wa kujazwa tena. Anayefungua bomba haoni kina kikishuka. Bomba hutoa maji kwa nguvu ile ile leo na kesho, mpaka siku linapotoa upepo.

Tena kuna kisa cha pili cha nchi yetu. Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika mita 400. Lilikuwa azimio jema. Mabomba yalilazwa, mashine zikaletwa, na maji yalikuwa ya bure. Lakini mengi yalikufa kabla ya mwaka huo kufika. Mahali pengi maji yalikuwapo chini bado, kilichokosekana ni dizeli, au mpira wa pampu, au fundi, au mtu wa kusema, "Hii ni kazi yangu."

Somo letu la Mwanzo lasema jambo lilo hilo. Visima vya Abrahamu havikukauka. Adui walivifukia kwa udongo. Isaka alivifukua, na watumishi wake walipochimba vipya, wachungaji wa mahali pale waliwagombania viwili vya kwanza. Cha tatu hakikugombaniwa, nacho kikapewa jina la nafasi. Maji yalikuwa katika vyote vitatu. Tofauti ilikuwa kati ya watu. Siku zetu hizi, udongo wa kufukia kisima ni daftari la mapato lisilosomwa hadharani, na mota iliyoungua ambayo kila mmoja amngojea mwenzake aitengeneze.

5. Jambo la kufanya hapa kwetu

Sasa tulirudie jibu la msichana yule. Kama maji ya kisima chetu yatakuwa mengi, kitu cha kwanza kinunuliwe nayo kiwe usingizi wa watoto na saa za mama zao. Bustani na matofali vitangoja. Kwa hiyo twaishauri Halmashauri, kwa heshima, mambo haya:

(a) Bomba lifunguliwe jioni, mchana ukiwa umekwisha kupungua jua, ili mtu asilazimike kuamka usiku. Na nyumba zenye watoto wa shule zichote kwanza.

(b) Kila dumu lilipiwe kidogo tangu siku ya kwanza, na fedha hizo ziwekwe kwa ajili ya matengenezo. Daftari lisomwe kanisani kila mwezi, kama tunavyosoma sadaka. Wazee na wajane wasio na kitu wachotewe bure, na hesabu yao iandikwe vile vile.

(c) Fundi aache tundu la kupimia. Kina cha maji kipimwe kila mwezi na kuandikwa. Vijana wetu wa sekondari waweza kuifanya kazi hiyo.

(d) Maji yanayomwagika yaongozwe kwa mtaro mpaka kwenye miche ya miti, na birika la mifugo lijengwe mbali na bomba.

(e) Nusu ya kamati wawe akina mama, kwa maana wao ndio wanaojua uzito wa dumu.

Wengine watasema kwamba kutoza fedha na kupima kina ni kutokuwa na imani. Sisi twaona kinyume chake. Aliyepewa ghala la nafaka halifungui wazi kwa sababu tu limejaa. Huhesabu magunia, akijua kuna mwaka ujao na kuna watoto.

Msichana yule hatujui alikoishia. Kama yu hai, sasa ni mama mwenye umri wa miaka zaidi ya 40, na huenda ana binti. Insha yake tuliirudisha na ile alama nyekundu, wala hatukupata nafasi ya kuisahihisha. Tungependa kisima hiki kiisahihishe kwa niaba yetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yako, nani huchota maji, na huanza saa ngapi? Angekuwa akifanya nini katika saa hizo?
2. Hesabu madumu yanayotumika kwako kwa siku moja. Gawanya lita zake kwa idadi ya watu. Je, yanafikia lita 25 kwa kila mtu?
3. Taja bomba au kisima unachokijua kilichokufa. Je, maji yalikwisha, au palikosekana kitu kingine?
4. Mtu mmoja ataka kumwagilia eka yake ya zabibu kwa maji ya kisima cha kanisa, naye yu tayari kulipa. Mtamjibu nini, na kwa sababu gani?
5. Ungepewa maji yasiyokwisha, ungeyafanyia nini? Waulizeni watoto kwanza, wala msiwasahihishe.