Mapigo Yasiyo Sawa: Namna ya Kuyatenganisha katika Karatasi ya Moyo

Ndugu mwuguzi,

Umeshika mkono wa mgonjwa. Vidole vyako vinasikia mshipa, na mapigo yake hayaendi sawa: mawili ya haraka, moja la kukawia, tena matatu ya haraka. Unaandika katika kadi, "Mapigo si sawa." Umeandika kweli, lakini kazi yako haijaisha. Maana magonjwa yenye mapigo yasiyo sawa ni mengi, nayo hufanana kama watoto wa tumbo moja. Moja huhitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Jingine huhitaji oksijeni na matunzo ya mapafu. Jingine halihitaji dawa hata moja. Ukiyachanganya, waweza kumpa mwenye afya dawa ya hatari, na kumwacha mwenye hatari arudi nyumbani mikono mitupu. Basi katika somo hili tujifunze kuyatenganisha.

1. KARATASI YASEMA NINI?

Mashine ya elektrokadiogramu haitii umeme katika mwili wa mgonjwa. Mwambie hivyo kabla ya kuanza, maana wengi huogopa. Mashine hupokea tu umeme mdogo ambao moyo wenyewe huufanya. Aliyeanzisha kipimo hiki kwa njia ya kutumika ni Willem Einthoven wa Leiden katika Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Herufi P, Q, R, S na T tunazozitumia hata leo zimetoka kwake, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1924.

Umeme wa moyo huanza mahali padogo katika chumba cha juu cha kulia. Huenea katika vyumba viwili vya juu, na mashine huandika kilima kidogo. Hicho ndicho P. Kisha umeme hufika kwenye daraja lililo katikati ya moyo, hukawia kidogo, halafu hushuka katika vyumba viwili vya chini vyenye nguvu. Hapo mashine huandika mlima mrefu wenye ncha kali, ndio QRS. Nyuma yake huja kilima cha mviringo, ndicho T, wakati vyumba vya chini vinapojitengeneza kwa pigo lingine.

Kwa kawaida karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde moja. Mraba mdogo ni sekunde 0,04. Mraba mkubwa ni sekunde 0,20. Kwa hiyo miraba mikubwa 5 ni sekunde moja, na 300 ni dakika moja.

Mapigo yakiwa sawa, hesabu miraba mikubwa iliyo kati ya milima miwili, kisha gawanya 300 kwa hesabu hiyo. Ikiwa miraba ni 4, mapigo ni 75 kwa dakika. Lakini mapigo yakiwa si sawa, njia hii itakudanganya. Hesabu milima yote iliyo katika miraba mikubwa 30, ambayo ni sekunde 6, kisha zidisha kwa 10.

2. MAULIZO MATATU, KWA TARATIBU

Usitazame karatasi nzima kwa mara moja na kusema, "Naijua hii." Macho hupenda kuona yale yaliyoyazoea. Uliza maulizo haya matatu, wala usiruke hata moja.

Ulizo la kwanza: Je, nafasi kati ya milima ni sawa? Usikisie. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, weka ukingo wake chini ya milima, tia alama kwa kalamu penye ncha ya mlima wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Kisha sogeza kipande chako mbele. Alama zikikutana na ncha zinazofuata, mapigo ni sawa. Zisipokutana, si sawa. Fanya hivi hasa mapigo yakiwa ya mbio, maana moyo ukikimbia sana, mapigo yasiyo sawa huonekana kama sawa.

Ulizo la pili: Je, kuna kilima P mbele ya kila mlima? Tafuta katika mstari wa II na katika V1, maana huko P huonekana vizuri kuliko kwingine.

Ulizo la tatu: Je, vilima P vyote vina umbo moja? Na kati ya kilima na kilima, mstari umelala kimya, au unatikisika?

3. WAGONJWA WATANO

Tufikiri kwamba asubuhi moja watu watano wamefika hospitalini kwako. Kila mmoja mapigo yake yanaonekana si sawa, kwenye vidole au kwenye karatasi.

Wa kwanza ni mama wa miaka 30. Anahema akipanda kilima na ndoo ya maji, naye usiku hulala ameketi. Milima yake haina mpango wo wote. Kipande chako cha karatasi hakikutani na ncha hata mara moja. P hakuna. Mstari kati ya milima unatetemeka ovyo, kama maji ya ziwa penye upepo. Huu ni mtetemeko wa vyumba vya juu. Vyumba hivyo havipigi tena. Vinatetemeka mara 350 mpaka 600 kwa dakika, na daraja hupitisha umeme bila utaratibu. Weka kipimo cha kusikilizia juu ya moyo, na mwenzako ashike mkono wa mgonjwa. Hesabuni pamoja dakika nzima. Moyo 132, mkono 98. Mapigo 34 yalikuwa dhaifu hata hayakufika mkononi. Tofauti hii yasaidia, lakini peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa.

Wa pili ni mwalimu wa shule. Hana shida, ila asema, "Moyo wangu waruka." Ukipima, nafasi ni sawa, sawa, sawa, kisha pigo moja laja mapema, kisha kimya kidogo, halafu sawa tena. Mbele ya pigo la mapema kuna P, lakini umbo lake ni jingine, na mara nyingine limejificha ndani ya T iliyotangulia. Haya ni mapigo ya mapema kutoka vyumba vya juu. Nyumba ni nzima. Mgeni mmoja amebisha hodi kabla ya saa. Kwa kawaida mwalimu huyu ahitaji maneno ya kutuliza, kulala vizuri, kupunguza kahawa akiona humsumbua, na kupimwa tena.

Wa tatu ni mfanya biashara wa miaka 60. Mstari wake haulali kamwe. Una meno kama meno ya msumeno katika mistari ya II, III na aVF. Pima meno hayo: yanafuatana sawa, jino moja karibu kila mraba mkubwa mmoja, maana yake karibu 300 kwa dakika. Milima inafuata baada ya meno mawili, au matatu, au manne. Kwa hiyo haiko sawa, lakini ina hesabu. Huu ni mpepeo wa vyumba vya juu. Hapa ndipo wengi hukosea na kuuita mtetemeko. Kumbuka: katika mtetemeko mawimbi hayalingani, katika mpepeo meno yote ni ya fundi mmoja. Tena jihadhari na mpepeo unaopitisha jino moja kati ya mawili: milima huwa sawa kabisa, karibu 150 kwa dakika, na jino la pili hujificha ndani ya T. Mtu mzima aliyelala kitandani akiwa na mapigo 150 yasiyopanda wala kushuka, tafuta meno.

Wa nne ni mzee mwenye kikohozi cha miaka mingi na kifua kilichovimba kama pipa. Mapigo ni 120, wala hayako sawa. Kwenye vidole hutaweza kumtenga na yule mama. Lakini tazama karatasi: P zipo mbele ya milima, na maumbo yake ni matatu au zaidi. Moja limesimama, moja limelala, moja limegeuka chini. Kati yake mstari umelala kimya. Umeme unaanzia mahali pengi katika vyumba vya juu, mara nyingi kwa ajili ya mapafu mabovu. Dawa ya kwanza ni kutunza mapafu yake na oksijeni kwa kipimo, si kumpiga shoti la umeme, maana haliwezi kumsaidia.

Wa tano ni kijana mwenye homa ya malaria. Karatasi yake inatetemeka yote, nawe waweza kusema ni mtetemeko kama wa yule mama. Lakini pima milima: nafasi zake ni sawa! Mtazame mgonjwa mwenyewe: meno yanagongana kwa baridi. Si moyo unaotetemeka, ni nyama za mwili. Mfunike blanketi, mtibu malaria, kaza vibandiko, pima tena akiwa ametulia. Usimtibu karatasi, mtibu mtu.

Ikiwa bado una shaka, usiridhike na karatasi fupi. Acha mstari wa II uandike sekunde 30, yaani sentimita 75 za karatasi.

Neno moja la hatari: ukiona milima mipana, isiyo sawa, yenye kukimbia kupita 200 kwa dakika, usitoe digoksini wala verapamili. Huenda umeme umepata njia ya pembeni isiyopita darajani, na dawa hizo zaweza kuua. Mwite daktari mara moja.

4. KWA NINI JINA LINA MAANA

Rudi kwa yule mama. Alipokuwa mtoto huenda aliumwa koo, kisha viungo vikavimba, akapona. Lakini ugonjwa huo uliacha kovu katika kilango cha kushoto cha moyo. Kilango kikawa chembamba, chumba cha juu kikatanuka, mwisho kikaanza kutetemeka. Damu isiyosukumwa hutulia, na damu iliyotulia huganda. Donge moja likitoka na kupanda kichwani, mama huyu ataamka siku moja upande mmoja umekufa na ulimi hausemi.

Kwa ajili hii ahitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Mwaka wa 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioitwa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4.500 wa namna yake katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliopewa dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroxaban. Lakini warfarini hutaka kupimwa damu mara kwa mara, INR iwe kati ya 2 na 3, nayo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Basi muulize kila mama kama ana mimba, ukamwambie daktari. Mfanya biashara mwenye mpepeo, naye daktari ampimie hatari ya kuganda kwa damu. Mwalimu hahitaji dawa hii kwa ajili ya mapigo yake ya mapema tu. Waona sasa? Karatasi tatu zinazofanana, na njia tatu.

5. MAPIGO YANAPOKUWA SAWA GHAFULA

Mama alipewa pia digoksini ili kupunguza mbio za moyo. Baada ya miezi miwili anarudi. Unashika mkono: mapigo 44, sawasawa kama saa ya ukutani. Utafurahi na kusema, "Amepona"? Ngoja. Asema chakula kimemchukiza, anatapika, na vitu vyaonekana vya manjano.

Chukua karatasi. Mstari bado unatetemeka, P bado hakuna, lakini milima imekuwa sawa. Mtetemeko haukuondoka, daraja limefungwa. Dawa imezidi, na vyumba vya chini vinapiga peke yao. Ukimpa kidonge cha leo, waweza kumwua kwa mkono wako mwenyewe. Mzuilie dawa, mwite daktari, figo na chumvi za damu zipimwe.

Shika sheria hii: kabla ya kumpa mtu mzima digoksini, sikiliza moyo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, au yakiwa yamegeuka kuwa sawa ghafula, usitoe kwanza, uliza. Na mapigo yaliyogeuka yachunguzwe kwa karatasi hata yakiwa 80.

6. MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Milima 13 iko katika miraba mikubwa 30. Mapigo ni mangapi kwa dakika?
2. Mtetemeko na mpepeo wa vyumba vya juu hutofautianaje katika mstari kati ya milima?
3. Mzee wa kikohozi na mama wa kilango chembamba wana mapigo yanayofanana kwenye vidole. Ni kitu gani katika karatasi kinachowatenga?
4. Karatasi yote inatetemeka, lakini milima ni sawa. Utatazama nini kabla ya kumwita daktari?
5. Mgonjwa wa mtetemeko anayekunywa digoksini amepata mapigo sawa ya 44. Utafanya nini na kidonge kilicho mkononi mwako?

Ndugu, jibu kwanza bila kutazama nyuma. Kisha kata kipande chako cha karatasi nyeupe, ukiweke pamoja na kalamu katika mfuko wa koti lako la kazi. Ni kitu kidogo, bei yake si kitu, wala hakihitaji umeme. Kesho mtu atakuja mlangoni na mapigo yasiyo sawa, nawe utakuwa tayari kupima kabla ya kusema.