Neno "Jamaa" katika Sheria za Mji

Sheria za mji juu ya ujenzi na matumizi ya ardhi aghalabu ni kitabu kinene, na wakisomao ni wachache. Mwenye kutaka kujenga hufungua pale panapohusu upana wa kiwanja au urefu wa nyumba, akapata alichokihitaji, akakifunga. Sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka ni ile inayoeleza maana ya maneno, ambayo mara nyingi huwekwa mwanzoni. Watu huiruka kwa sababu maneno yenyewe ni ya kila siku: nyumba, kiwanja, duka, jamaa. Nani asiyejua maana ya nyumba?

Lakini sehemu hiyo si kamusi. Kamusi hueleza jinsi watu wanavyolitumia neno. Sheria huamuru jinsi neno litakavyotumika ndani ya mipaka ya mji, hata kama wenyeji hulitumia vingine. Mathalani, katika Sheria ya Uingereza ya mwaka 1947 juu ya mipango ya miji na mashamba, "kuendeleza ardhi" hakukuwa kujenga au kuchimba tu. Kubadili matumizi ya nyumba kwa kiasi kikubwa kulikuwa kuendeleza vile vile. Basi mtu aliyegeuza nyumba ya kukaa kuwa karakana aliweza kuhesabiwa kuwa ameendeleza ardhi, ijapokuwa hakuongeza hata tofali moja.

Msomaji wa sehemu hiyo na atazame pia maneno madogo yanayofuata neno linaloelezwa. Sheria ikisema "maana yake ni", basi mlango umefungwa: kisichotajwa hapo hakimo. Ikisema "ni pamoja na", mlango uko wazi kidogo, na vitu vingine vya namna hiyo vyaweza kuingizwa. Tofauti hii huonekana ndogo mpaka siku mtu anaposimama mbele ya hakimu.

Jinsi neno moja linavyoweza kumfikisha mtu huko huonekana vizuri katika habari za mji wa East Cleveland, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ili kuzielewa, ni lazima kwanza kujua kwa nini miji ya nchi ile iliona haja ya kueleza maana ya jamaa.

Mwaka 1916 mji wa New York uliweka sheria ya kuugawa mji wote katika sehemu, kila sehemu na matumizi yake, na miji mingine ikafuata. Kijiji cha Euclid, ambacho pia kiko Ohio karibu na Cleveland, kiliweka sheria yake mwaka 1922. Kampuni moja iliyokuwa na eka 68 huko ilishtaki, ikidai kwamba thamani ya ardhi yake imepunguzwa. Mwaka 1926 Korti Kuu ya Marekani iliamua kwamba kijiji kilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Tangu hapo mpango huo ulienea sana. Sasa, katika miji mingi ya namna hiyo kulikuwa na mitaa iliyotengwa kwa nyumba za jamaa moja moja tu, na mara swali likazuka: jamaa moja ni watu gani?

Baraza la East Cleveland lilijibu swali hilo kwa kirefu. Mkuu wa nyumba aliruhusiwa kukaa na mumewe au mkewe, na wazazi wao, na watoto wao wasiooa au kuolewa, mradi watoto hao wasiwe na watoto wao wenyewe humo nyumbani. Kisha kikaongezwa kifungu: mtoto mmoja tu anayemtegemea mkuu wa nyumba, wala si zaidi ya mmoja, angeweza kukaa humo pamoja na watoto wake. Waliosalia hawakuwa jamaa.

Katika mji huo alikaa Bibi Inez Moore. Nyumbani mwake alikuwamo mwanawe, Dale, na mtoto wa Dale aliyeitwa kwa jina la baba yake. Alikuwamo pia mjukuu wa pili, John, mtoto wa mwana mwingine wa Bibi Moore. John aliletwa kwa bibi yake baada ya kufiwa na mama yake. Kwa hiyo wajukuu hao wawili hawakuwa wa baba mmoja. Walikuwa watoto wa ndugu wawili. Katika Afrika ya Mashariki watoto kama hao huitana ndugu bila ya kufikiri, na kila mmoja humwita baba wa mwenzake baba mkubwa au baba mdogo. Sheria ya East Cleveland haikuwa na neno la namna hiyo. Dale na mwanawe waliingia katika kile kifungu cha mtoto mmoja. John, kwa kuwa alikuwa wa tumbo jingine, hakuwa na mahali pa kuingia.

Mwanzoni mwa mwaka 1973 Bibi Moore alipelekewa barua ya mji iliyosema kwamba John ni mtu anayekaa humo kinyume cha sheria, naye aondolewe. Bibi Moore hakumwondoa. Akashtakiwa, tena kwa kosa la jinai, akahukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 25. Akakata rufani, na korti ya rufani ya Ohio ikaikubali hukumu ile.

Haifai kudhani kwamba huo ulikuwa ni mji wa watu weupe wakiwafukuza weusi. Bibi Moore alikuwa mtu mweusi, lakini wakazi wengi wa East Cleveland wakati huo walikuwa weusi pia, na waliouongoza mji vile vile. Mji ulitoa sababu tatu: kuzuia msongamano wa watu, kupunguza wingi wa magari barabarani, na kutozielemea shule kwa gharama. Sababu hizo hazikuwa za kipuuzi. Kila baraza la mji hukutana nazo.

Tena mji ulikuwa na hukumu nyingine ya kuuegemea. Belle Terre, kijiji kidogo cha watu kama 700 katika jimbo la New York, kilisema kwamba jamaa ni watu wa damu moja, au waliooana, au watoto wa kulea, wakaao na kupika pamoja. Na wasio na undugu wasizidi wawili. Wanafunzi sita walipanga nyumba moja huko, na kijiji kikawakataza. Mwaka 1974 Korti Kuu ilikubaliana na kijiji. Jaji Douglas alieleza kwamba kila mpaka unaowekwa na watunga sheria utawaacha nje baadhi ya watu ambao wangaliweza kuingizwa.

Shauri la Bibi Moore liliamuliwa tarehe 31 Mei 1977, na majaji tisa waligawanyika, watano kwa wanne. Jaji Powell alizipima zile sababu za mji moja moja. Juu ya magari, alionyesha kwamba mume na mke na watoto wao wakubwa waliruhusiwa kukaa pamoja hata kama nusu dazeni yao wana magari. Lakini kaka na dada watu wazima walikatazwa, hata kama wote wawili husafiri kwa basi. Juu ya shule, bibi angeweza kukaa na mwana mmoja mwenye watoto dazeni nzima wa kusoma, na bado John peke yake afukuzwe. Na kuhusu msongamano, mji ulikuwa tayari na kifungu kingine kilichopima idadi ya watu kwa ukubwa wa vyumba, na nyumba ya Bibi Moore ilikuwa mbali na kuvuka kipimo hicho. Powell alisema kwamba desturi ya bibi na babu, shangazi na wajomba kukaa nyumba moja na wazazi na watoto ni ya kale, nayo yastahili kuheshimiwa kama ile ya baba, mama na watoto peke yao. Jaji Stevens alifika pale pale kwa njia nyingine: mwenye nyumba ana haki ya kuchagua jamaa atakaokaa nao katika mali yake.

Wanne waliopinga nao walikuwa na hoja. Jaji Mkuu Burger alisema kwamba mji ulikuwa na kamati ambayo Bibi Moore angaliweza kuiomba ruhusa ya pekee, naye hakuiomba. Ni neno la kufaa kwa yeyote anayepelekewa barua kama ile, ijapokuwa ni vigumu kumlaumu bibi aliyeona ajabu kuombea ruhusa mjukuu wake.

Hukumu ya Bibi Moore ilifutwa. Hata hivyo ile ya Belle Terre haikufutwa, kwa kuwa wale sita hawakuwa na undugu wowote. Korti za majimbo mengine ziliamua vingine zikifuata katiba zao wenyewe: New Jersey mwaka 1979, na California mwaka 1980. Katika shauri la California, mji wa Santa Barbara uliwakataza watu wazima 12 wasio na undugu kukaa katika nyumba yenye vyumba 10 vya kulala, kwa sababu sheria yake haikuruhusu zaidi ya watano. Korti ikaeleza kwamba mji ukiogopa makelele, makelele yakatazwe. Ukiogopa wingi wa magari, magari yahesabiwe. Na ukiogopa msongamano, ipimwe nafasi ya nyumba na idadi ya watu wote waliomo, wawe ndugu au wasiwe.