Shujaa wa Dakika za Mwanzo: Mwongozo kwa Wazimamoto wa Kujitolea wa Mtaa na Kijiji

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mwananchi ambaye akisikia "Moto! Moto!" usiku hawezi kugeukia ukutani akalala. Pengine wewe ni bodaboda wa kijiweni, mama lishe, fundi wa kuchomelea vyuma, mwalimu au mlinzi. Huna sare wala mshahara wa kazi hii, lakini mara nyingi wewe ndiye unayefika mwanzo, kwa sababu unaishi hapo hapo.

Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba yake ya dharura ni 114. Hata hivyo, gari lina safari ya kupita kwenye foleni na vichochoro, na moto haulisubiri. Tangu kelele ya kwanza mpaka gari lifike, kuna dakika ambazo ziko mikononi mwa majirani. Kijitabu hiki kinazungumzia dakika hizo, na aina ya ushujaa unaozifaa.

1. Watu wa kujitolea wameshafanya makubwa

Tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro katika eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Vichaka vilikuwa vikavu na upepo ulikuwa mkali. Mamia ya watu walipanda kusaidiana na askari wa hifadhi na wa zimamoto. Miongoni mwao walikuwamo wanavijiji wa kandokando ya mlima na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka. Walipiga moto kwa matawi mabichi na kufyeka vichaka ili ukose cha kula. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, kwenye baridi na hewa nyembamba, na wengi wao hawakuwahi kutajwa majina popote.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyobeba watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi walifika mapema kwa mitumbwi yao. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa juhudi zake siku ile. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipojaribu kuwafikia marubani alipoteza fahamu, akazindukia hospitalini. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana huyo apatiwe mafunzo na kuingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Duniani kote kazi ya zimamoto imebebwa sana na watu wa kujitolea. Nchini Chile wazimamoto ni wa kujitolea, na kikosi cha Valparaíso kimekuwapo tangu 1851. Ujerumani ina wazimamoto wa kujitolea wapatao milioni moja. Mwokaji mikate, karani na mkulima wanafanya mazoezi pamoja jioni, na king'ora kikilia wanaacha shughuli zao.

2. Shujaa ni nani?

Wengi wetu tukisikia neno shujaa tunamwona mtu anayejitosa kwenye moshi peke yake huku watu wakipiga mayowe. Moyo huo tunauheshimu. Lakini anayeingia bila kujua anakoingia huweza kugeuka mtu wa pili wa kuokolewa, na watakaomfuata wakawa wa tatu na wa nne.

Yatazame tena yale ya Bukoba. Wavuvi walikuwa wanalijua ziwa, wanajua kupiga kasia na kuogelea, na mitumbwi yao ilikuwa karibu. Ujasiri wao ulisimama juu ya ujuzi wa kila siku. Tena kijana yule, baada ya sifa zote, alielekezwa mafunzoni. Hilo ndilo tunalotaka kila kijana wa mtaani alishike: ukiwa na moyo wa kuokoa watu, upeleke darasani.

Sasa kumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Katika tukio la namna hiyo, mtu anayefunga barabara mbali na lori, akazima pikipiki za watu na kuwarudisha nyuma huku akitukanwa, ameokoa maisha mengi kuliko ambaye angeingia na ndoo ya maji. Hakuna atakayempiga picha. Watu wataondoka wakisema amewanyima riziki. Huo nao ni ushujaa, na ndio unaohitajika mara nyingi zaidi.

Kwetu, basi, mzimamoto shujaa ana sifa tatu: amejiandaa kabla, anatii kiongozi wa tukio, na anajua wakati wa kurudi nyuma. Kurudi nyumbani salama ni sehemu ya kazi yake.

3. Mjue unayepambana naye

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa ya oksijeni. Ukiondoa kimojawapo, unazimika. Maji hupunguza joto, kifuniko cha sufuria hukata hewa, na kufyeka nyasi huondoa kitu cha kuungua.

Moshi ndio muuaji mkubwa. Godoro la sponji na vitu vya plastiki vikiungua hutoa moshi mweusi wenye sumu. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajafika mlangoni. Moshi wa moto hupanda juu, kwa hiyo hewa nafuu hubaki chini karibu na sakafu.

Chumba huweza kuwaka chote kwa mpigo. Joto la darini likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, vitu vyote chumbani huweza kushika moto kwa wakati mmoja. Hali hiyo huweza kutokea dakika chache tu tangu moto uanze, na baada yake hakuna ndoo itakayosaidia.

Mafuta ya kukaangia hayamwagiwi maji. Maji yakigusa mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi kubwa mara 1,700 hivi kuliko maji. Mafuta yanarushwa juu, moto unafika darini. Zima jiko ukiweza kulifikia salama, funika kikaango kwa mfuniko au sinia, kisha uache mpaka kipoe.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni. Ukinusa, usiwashe wala kuzima taa. Fungua milango na madirisha, funga mtungi, watoe watu nje. Mtungi ukiwa tayari unawaka mdomoni na huwezi kuufunga salama, usiuzime mwali wake, maana gesi itaendelea kutoka na kutafuta cheche nyingine. Waondoe watu mbali.

Umeme kwanza ukatwe. Zima swichi kuu kama inafikika. Usimwage maji kwenye waya au kifaa chenye umeme.

4. Dakika za mwanzo: nani afanye nini

Kosa kubwa katika moto wa mtaani ni watu hamsini kufanya jambo moja. Wote wanakimbilia ndoo, na hakuna aliyepiga simu. Gawaneni kazi hivi:

1. Mpiga simu. Piga 114. Taja mtaa, alama inayojulikana kama msikiti, kanisa, shule au gereji, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe.
2. Mpokeaji. Simama barabara kuu na tochi au nguo nyeupe uliongoze gari. Ondoa pikipiki, mikokoteni na meza za biashara njiani. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini gari lililopotea vichochoroni ni sawa na gari ambalo halikuja.
3. Mhesabu watu. Wakusanye wakazi mahali pamoja, uulize kwa sauti: "Nani hajaonekana?" Katika nyumba ya kupanga, mara nyingi ni mama mmoja anayejua nani analala chumba kipi, nani amesafiri na mtoto yupi ni mgonjwa. Mweke karibu na kiongozi, kwa sababu neno lake linaweza kumfanya askari aingie chumba sahihi, au asiingie kabisa chumba kisicho na mtu.
4. Wazimaji. Wawili au watatu, kwa moto mdogo tu, huku mlango wa kutokea ukiwa nyuma yao. Kwa mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto, bonyeza, kisha sambaza kushoto na kulia. Mitungi mingi midogo huisha kabla ya nusu dakika, kwa hiyo usiifungue ukiwa mbali.
5. Walinzi wa eneo. Wazuie watazamaji na wanaotaka kurudi ndani kuchukua vyombo.

Kabla ya kufungua mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa kiganja, kuanzia chini kwenda juu. Ukiwa wa moto, usiufungue. Ukiwa wa kawaida, inama pembeni, ufungue kidogo, tazama moshi. Aliye ndani aelekezwe kutambaa.

5. Mambo ambayo mzimamoto wa kujitolea hafanyi

- Haingii ndani ya moshi mzito. Kitambaa kibichi puani hakizuii gesi yenye sumu.
- Haendi peke yake, wala haendi bila mtu wa nje kujua aliko.
- Hapandi juu ya paa la nyumba inayoungua.
- Hasogelei lori la mafuta lililopinduka, hata kama halijawaka.
- Hatangazi picha za waliojeruhiwa au kufariki. Ndugu hawapaswi kupata habari ya msiba kutoka kwenye simu ya mpita njia.

6. Gari likifika

Mkabidhi kiongozi wa kikosi taarifa fupi: kinachoungua, watu ambao hawajaonekana, mahali ilipo mitungi ya gesi, na kama umeme umekatwa. Baada ya hapo, fuata maelekezo yake.

Malalamiko yanayosikika sana ni kwamba zimamoto wamekuja bila maji. Tupige hesabu pamoja. Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika huishiwa baada ya dakika 10, na moto mkubwa hauzimwi kwa dakika 10. Mtu anayelirushia gari jiwe kwa hasira anachelewesha kazi. Anayejua lilipo bomba la zimamoto lililo karibu, kisima kikubwa au bwawa, na njia ambayo gari linaweza kupita, ameongeza maji kwenye tukio bila kushika hata kopo moja.

7. Baada ya moto

Majeraha. Nguo zikiwaka, mwambie mtu asimame, alale chini, ajiviringishe. Sehemu iliyoungua imwagie maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Vua pete na saa mapema kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, asali, ute wa yai, mafuta wala unga. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Aliyevuta moshi aende hata kama anasema hajambo.

Moyo. Kuna watakaookolewa na kuna watakaofariki. Unaweza kukosa usingizi, ukawa unasikia harufu ya moshi isiyokuwapo, au ukajilaumu kwa mtu ambaye hukuweza kumfikia. Kaeni pamoja mzungumze, bila kumkejeli anayelia. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Kumwona mtaalamu hakumpunguzii mtu ushujaa.

8. Anzeni katika siku ambazo hakuna moto

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika siku ambazo hakuna kinachoungua, na hapo ndipo watu wengi huishiwa hamu. Tahadhari kabla ya hatari ni msemo tunaoujua tangu shule. Kazi ya kikundi ni kuutekeleza.

- Mwoneni mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mjiorodheshe, mchague kiongozi na msaidizi wake.
- Ombeni mafunzo katika kituo cha zimamoto cha wilaya au mkoa wenu.
- Choreni ramani ya mtaa: vyanzo vya maji, njia pana, swichi kuu za nyumba kubwa, nyumba za wazee, watu wenye ulemavu na watoto wanaobaki peke yao.
- Wekeni mahali pamoja ndoo, mchanga, koleo, tochi, filimbi na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa.
- Pitieni nyumba kwa nyumba, kwa adabu. Ongeeni kuhusu waya zilizounganishwa ovyo, mishumaa na majiko ya mkaa ndani, na madirisha ya nondo yasiyofunguka. Nyumba yenye nondo iwe na dirisha moja linalofunguka kwa ndani.
- Fanyeni zoezi kila baada ya miezi mitatu, mpime muda, mrekebishane.

Neno la mwisho kwa anayetaka kujiunga

Huenda ukafanya mazoezi kwa miaka bila kuuona moto mkubwa hata mmoja, kwa sababu ile waya uliyomshawishi jirani aibadilishe haikuwahi kutoa cheche. Hakuna atakayekushukuru kwa moto ambao haukutokea. Tunakuomba ukubali kazi hiyo hivyo hivyo. Leo hifadhi 114 kwenye simu yako, uwafundishe watoto wa nyumbani kwako kuitaja, na wiki hii nenda kwa mwenyekiti wako na majina ya watu watano walio tayari.