Kokoto Zilizotoka Tanurini

Chukua kilo 100 za mchanganyiko unaotandazwa barabarani. Lami yenyewe, weusi wote ule, ni kama kilo 5 tu. Zilizobaki ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Barabara ya lami, basi, ni barabara ya mawe yaliyogandishwa, na mawe ndiyo yanayobeba lori.

Jiwe la kubeba lori linatakiwa liwe gumu. Liwe na pembe kali ili mawe yakamatane, maana kokoto za mviringo za mtoni huteleza zikisukumwa. Lisilainishwe upesi na matairi. Na sharti ambalo wengi hulisahau: lishikane na lami kuliko linavyoshikana na maji. Lami ina uasidi kidogo. Jiwe lenye silika nyingi, kama itale, halina cha kuuvuta uasidi huo. Maji yakipenya huibandua lami taratibu, na kokoto huanza kung'oka. Jiwe lenye chokaa huing'ang'ania.

Hakuna sharti lolote hapo linalodai jiwe litoke mlimani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1901, huko Denby, Uingereza, mhandisi Edgar Purnell Hooley alikuta kipande cha barabara kisicho na vumbi: pipa la lami ya makaa ya mawe lilikuwa limemwagika, na mtu akaifunika kwa mavi ya chuma ya kiwanda cha jirani. Mwaka uliofuata alipata hataza ya mchanganyiko wa namna hiyo.

Mavi ya chuma hutokeaje? Katika kutengeneza chuma cha pua, chokaa hutiwa tanurini ili inase fosforasi na silika. Uchafu huo ulionaswa huelea juu ya chuma kilichoyeyuka, humwagwa kando, na ukipoa huwa jiwe jeusi, gumu, lenye vitundu. Kila tani ya chuma huacha kilo 100 au zaidi. Jiwe hilo lina chokaa ndani yake, kwa hiyo lami hulishika vizuri.

Lakini si chokaa yote hupata cha kunasa. Nyingine hubaki huru, na hapo ndipo penye hatari. Waliowahi kuona chokaa ya matumbawe ikimwagiwa maji ufukweni wanajua inavyochemka na kuvimba. Gramu 56 za chokaa hunywa gramu 18 za maji, na ujazo wake unakaribia kuwa mara mbili. Hilo likitokea ndani ya kokoto iliyokwisha kushindiliwa, barabara hufura na kupasuka. Magnesia iliyo huru hufanya vivyo hivyo, ila kwa uvivu. Huweza kuchukua miaka. Hooley alibahatika: yake yalikuwa mavi ya tanuri la chuma ghafi, ambamo karibu chokaa yote hufungwa na silika.

Dawa ni kuyavunja, kuyarundika nje na kuyamwagia maji kwa miezi kadhaa, yavimbe kabla ya kwenda barabarani, kisha kuyapima kwa mvuke. Naona barabara nyingi za namna hii zilizoharibika ziliponzwa na haraka.

Linabaki suala la uzito. Kokoto ya kawaida ina uzito wa mara 2.7 hivi ya maji. Ya mavi ya chuma hufika 3.4. Lori hufikia kikomo cha uzito kabla halijajaa, na tani ileile hufunika barabara fupi zaidi. Ndiyo maana kokoto hizi huwa na faida karibu na kiwanda, na kila kilomita ya usafiri huipunguza.